Cheki Tatu Zilizorudi, na Akaunti Niliyopewa Tena

Achieng' ameniomba niwaandikie nyinyi mliobaki kwenye kibanda, kwa sababu mwezi uliopita wawili wenu walinyimwa akaunti benki, wakarudi wamenuna kama watu walioachwa na wachumba siku moja. Nimekubali. Mimi niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo msitafute Kiswahili cha mtihani hapa. Mkikuta kosa, nyamazeni. Na mimi welding zenu nimezinyamazia sana.

Sitawaambia nililipwa kiasi gani wala lini nilianza kuitwa bosi. Aliyeniita bosi mara ya kwanza alikuwa anataka kunikopa grinda.

Nilitoka Katito nikiwa kijana wa miaka ishirini, nikaja Kisumu kutafuta kazi kwa karakana ya Harjit, Kalasinga mmoja aliyekuwa akitengeneza bodi za malori. Aliniuliza kama najua kuchomelea. Nikasema najua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwona mtu akichomelea mara moja tu, nikiwa ng'ambo ya barabara. Akanipa kishikio cha welding na vipande viwili vya chuma, nikawasha bila miwani. Kufika saa kumi macho yangu yalikuwa kama yametiwa mchanga wa moto. Mke wa Harjit alinilaza sakafuni akaniwekea vipande vya viazi vibichi juu ya macho, na Harjit mwenyewe akasimama juu yangu.

"Sasa unajua?"

"Sijui, Mzee."

"Vizuri. Kesho njoo saa moja."

Nilikaa naye miaka minane. Hakuwahi kunipigia kelele. Ukimaliza kuunga chuma, alikuja na nyundo ya kilo nne akapiga pale pale kwenye kiungo. Kikishika, alienda zake bila neno. Kikiachana, aliweka vile vipande viwili mbele yako kimya kimya, akaenda kunywa chai, na wewe unabaki navyo mkitazamana. Kupaka rangi kabla hajapiga nyundo ilikuwa dhambi ya kufukuzwa. Alisema anayepaka rangi mapema ana kitu anaficha.

Baadaye nilianza kibanda changu Kibuye, hapo hapo mnapokaa. Mashine yangu ya kwanza ilizungushiwa nyaya za shaba na fundi jirani, na ilinguruma hadi mama aliyeuza mitumba kando yangu akahamia mstari wa pili. Nilitengeneza majiko, mageti, madirisha ya makanisa, na nanga za mashua za watu wa ziwani. Kazi ikaenda. Siku moja watu wa benki wakaja sokoni na miavuli yao na fulana za bure, nikafunguliwa akaunti ya cheki nikiwa nimesimama. Sahihi yangu niliifanyia mazoezi siku mbili, kwa chaki, juu ya mabati. Kitabu cha cheki kikawa kinakaa mfuko wa shati, na cheche za grinda zikakitoboa pembeni, lakini sikukitoa. Nilitaka kionekane.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Mtu wa kwingine hangelifanya.

Mnajua mazishi yetu. Mtu wa maiki anasimama na daftari lake na kusoma michango. "Kina mama wa kanisa, elfu tatu, taslimu. Bwana fulani kutoka Nairobi, ahadi, elfu tano." Makofi ni yale yale kwa taslimu na kwa ahadi. Ahadi unalipa ukipata. Ukipata mwaka ujao, hakuna neno. Usipopata kabisa, mwenye msiba anakusalimia vizuri tu na hakukumbushi. Basi mimi nilipopewa kile kitabu, niliamini kwamba cheki ni ahadi yenye karatasi nzuri. Pale benki walinionyesha mahali pa kutia sahihi. Maana yake hawakunionyesha, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najifanya najua, vile vile nilivyofanya na kishikio cha welding.

Nikaandika cheki kwa kanisa moja la Katito lililokuwa linaezeka paa. Nikaandika nyingine kwenye mazishi Nyakach. Halafu akafariki Ouma, mwenye mashua wa Usenge, mteja wangu wa nanga, mtu aliyelipa bila kubishana. Nilienda kumzika na suti. Wakati wa michango ulipofika, niliandika cheki nikiegemeza kitabu kwenye mgongo wa mtu aliyekaa mbele yangu. Mtu wa maiki akaishika juu watu waione.

"Fundi Odongo wa Kibuye. Cheki. Elfu ishirini."

Watu walipiga makofi hadi kuku wakatoka chini ya hema. Nikaondolewa kwenye benchi, nikapewa kiti chenye mikono karibu na chifu. Mjane wa Ouma, Mama Perez, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwenye akaunti yangu siku hiyo palikuwa na pesa ya mkebe mmoja wa rangi.

Cheki zote tatu zilirudi. Mimi sikujua. Baada ya muda nikaletewa barua ya benki, ya Kiingereza, yenye nembo ya rangi mbili na muhuri. Kwa uzuri wake nilijua ni pongezi. Nikaitia kwenye fremu ya vipande vya bomba la mraba, nikaitundika ukutani juu ya jiko la chai. Ilikaa pale miezi minne. Wateja waliisoma, wakanitazama, wakatabasamu, na mimi nikatabasamu. Niliona hata wameanza kuniheshimu, kwa sababu walileta pesa taslimu kabla sijaomba na kudai risiti papo hapo. Aliyenisomea mwishowe ni Achieng'. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi wiki hiyo, amekuja kuomba kazi.

"Mzee, mbona umetundika hii?"

"Ni barua ya benki."

"Naona. Wanasema wamefunga akaunti yako kwa sababu unaandika cheki hewa."

Nilimwajiri siku hiyo hiyo. Mtu anayejua jambo kama hilo ni heri awe ndani ya kibanda.

Miaka sita ikapita, nikifanya kazi ya taslimu na ya simu peke yake. Nitawaambia ukweli: ningeweza kuwatafuta wale watu watatu. Sikuwatafuta. Nilijiambia ni ahadi, nitalipa nikipata, na kila nilipopata niliona bomba la bei nzuri.

Halafu akaja bursa, mshika fedha wa shule moja ya wasichana, ya bweni, ya kanisa. Alitaka vitanda vya ghorofa sitini kabla ya wasichana kufungua shule mwezi wa kwanza. Vitanda sitini ni kazi ya mafundi watano miezi miwili, na huo ulikuwa msimu ambao nilikuwa nimeshawaambia wawili kati yao wakae nyumbani kwanza. Bursa alikuwa tayari kutoa nusu ya pesa mbele tununulie vyuma. Lakini shule yake ililipa kwa cheki peke yake, cheki ya jina la biashara, inayoingia kwenye akaunti ya biashara.

"Una akaunti, Mzee?"

"Ninayo," nikasema.

Achieng' alikuwa anapima bomba. Alikohoa.

"Nitaipata," nikasema.

"Nakupa wiki tatu. Ukikosa, nampa yule fundi wa ng'ambo ya barabara."

Wa ng'ambo mnamjua. Kiungo chake ukikipiga kwa kijiko kinaachana. Lakini alikuwa na akaunti.

Benki ya kwanza nilikaa kwenye kiti muda wa kumeza mate. Kijana wa mezani aliingiza nambari ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, uso wake ukabadilika.

"Mzee, jina lako liko CRB."

"Huko ni wapi?"

"Ni ofisi inayoandika watu waliosumbua benki."

"Na ni nani ameniandikisha?"

"Ni wewe mwenyewe, Mzee. Mara tatu."

Benki ya pili nikaenda nimejipanga. Dada wa mezani aliponiambia jambo lile lile, nikamwambia huyo ni ndugu yangu.

"Ndugu yako mwenye nambari moja ya kitambulisho na wewe?"

"Sisi ni mapacha."

Alinirudishia kitambulisho. "Msalimie," akasema, akaita mtu mwingine kwenye foleni.

Nikarudi kibandani nikatangaza kwamba benki zote ni wezi. Achieng' akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado, nikaendelea kidogo, ndipo nikamaliza. Akaniambia, "Jaduong'," na Achieng' huniita hivyo, yaani mzee wa heshima, anapotaka kunikosea heshima, "Jaduong', umeenda kote huko umepaka rangi. Nenda benki ya tatu uwaonyeshe mahali ilipoachana. Kabla hawajaiona kwenye kompyuta."

Hiyo ndiyo nilitaka mshike, nyinyi wawili mliokataliwa. Anza wewe. Ukianza wewe kusema, wewe ni mteja mwenye shida. Kompyuta ikianza, wewe ni mshukiwa.

Benki ya tatu nilikaa mbele ya Madam Nekesa, mama mtu mzima wa miwani. Sikutoa hata kitambulisho. Nilimwambia kuhusu kanisa, Nyakach, na Usenge. Nilimwambia na barua niliyoitia fremu. Alivua miwani akajifuta macho, na hakuwa analia.

"Mzee Odongo, nimefanya kazi hii miaka mingi. Hajawahi kutokea mwingine."

"Nashukuru."

"Sikusifu." Akavaa miwani. "Sikiliza. Lipa hao watatu. Kila mmoja akupe barua kwamba umemlipa. Upeleke hizo barua hiyo ofisi ya CRB, wakupe cheti kwamba huna neno. Uniletee cheti, hati ya usajili wa biashara, na mtu mmoja mwenye akaunti ya cheki hapa kwetu akudhamini. Atie sahihi kwamba anakujua na anakuamini."

"Harjit atanidhamini. Alikuwa bosi wangu."

"Ana akaunti hapa?"

Hakuwa nayo. Madam Nekesa akaniuliza jina la yule mjane wa Usenge. Nikamtajia. Akazungusha kalamu.

"Siwezi kukuambia nani ni mteja wetu na nani siye," akasema. "Lakini kama ningekuwa wewe, ningemwomba yeye vitu viwili, sio kimoja."

Mchungaji wa Katito alikubali pesa na madirisha mawili juu yake, akaandika barua yenye mistari ya Biblia hadi chini ya ukurasa. Watu wa Nyakach walicheka tu. Walikuwa wameshasahau, wakapokea pesa yao, wakanipa barua na uji. Nikabaki na siku nane na Mama Perez.

Nilifika Usenge asubuhi, pale bichi mashua zinapotia nanga, wakati kina mama wanapogeuza omena, dagaa wa ziwa letu, zikauke. Nyavu zimetandikwa chini, omena zinang'aa juu yake kama vipande vya bati, na wanunuzi wanapita katikati wakidharau ili bei ishuke. Mama Perez sikumkuta ameinama. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti na kalamu sikioni, na watu walikuwa wanamletea yeye. Mashua ya mumewe ilikuwa moja. Sasa zilikuwa tatu. Nilikuwa nimetia pesa kwenye bahasha, na juu kidogo ya zile elfu ishirini kwa ajili ya aibu. Nikamsogezea polepole, chini chini, kama mtu anayehonga.

"Mama, habari ya siku nyingi. Nimekuletea ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile ya Mzee Ouma."

Hakuigusa bahasha. "Fundi, wewe unakumbuka siku ile ulinipa namna gani?"

"Kwa cheki."

"Kwa maiki," akasema. "Nilisikia elfu ishirini, na bichi yote ikasikia. Nikachukua ng'ombe wa watu kwa neno lako, tukachinja, wageni wakala. Wiki iliyofuata nikavaa nguo yangu ya msiba nikaenda Kisumu. Nikapanga foleni. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia benki. Wakanifungulia akaunti, hii niliyo nayo hadi leo, nikaiweka cheki, nikaambiwa ningoje siku kadhaa. Mwenye ng'ombe akawa anakuja kila asubuhi, anakaa pale kwangu, anakunywa chai yangu, ananitazama. Nikarudi benki. Kijana akaniambia, Mama, hii haina kitu. Akaniambia kwa sauti kubwa, maana alidhani sisikii vizuri."

Nikaivuta bahasha kidogo kuelekea kwangu.

"Na leo unanilipa kwa bahasha," akasema. "Chini ya meza."

Kamati ya bichi ile ina kipaza sauti cha mkono, cha kutangazia watu wavae jaketi za kuokolea maisha. Mama Perez alimtuma mtu akilete. Akakiweka kwenye magoti yangu.

Nimepanda juu ya matangi ya maji kuunga ngazi. Nimechomelea ndani ya lori la mafuta ambalo mwenyewe aliapa lilikuwa tupu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kile kipaza sauti. Nikasimama. Kikapiga mluzi. Wanawake wote wakainua vichwa.

"Mimi ni Fundi Odongo wa Kibuye," nikasema. "Nilitoa cheki kwenye mazishi ya Mzee Ouma. Cheki hiyo ilikuwa hewa. Leo nimekuja kulipa."

 Kisha mama mmoja kutoka kule majini akaita, "Ni cheki tena au ni pesa?"

"Ni pesa."

"Hesabu tusikie."

Nikahesabu kwa kipaza sauti, noti moja moja, na wao wakawa wanahesabu pamoja nami kama watoto wa chekechea. Nilipofika kumi na mbili mmoja akasema nimeruka, nianze upya. Sikuwa nimeruka. Nikaanza upya. Walipofika ishirini hawakupiga makofi. Walirudi kwenye omena zao. Nikaongeza zile za aibu. Mama Perez akanirudishia.

"Sitaki za juu. Nataka zangu."

Barua ya kwamba nimemlipa aliandika hapo hapo, juu ya goti. Ndipo nikatoa fomu ya mdhamini. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Mimi sijawahi kumwona mtu akisoma nyuma ya fomu.

"Hii inasema nakuamini."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sikuamini, Fundi."

"Najua."

"Unataka akaunti ya nini?"

Nikamweleza vitanda sitini, mafundi waliokaa nyumbani, wiki tatu ambazo zimebaki siku nane. Sikupunguza wala sikuongeza. Akaniambia nikageuze omena kwanza, yeye anafikiri. Niligeuza omena kutoka hapo hadi jua likawa kichwani, nimeinama na suti, na wale wanawake wakinirekebisha. "Mzee, unazisaga." "Mzee, hiyo si mchanga, ni mali." Nilipoinuka, mgongo haukuinuka wote. Fomu ilikuwa imewekwa juu ya kiti, imetiwa sahihi, na pale palipoandikwa umemjua kwa njia gani, alikuwa ameandika: Alinidanganya, akarudi.

Madam Nekesa aliposoma mstari huo alisema hajawahi kuona udhamini kama huo. Akapiga muhuri. Cheti cha CRB, baada ya mimi kuwapelekea barua zote tatu, kilikuwa kimefika siku iliyotangulia. Akaniuliza nataka kitabu cha karatasi ngapi. Nikamwambia kile chembamba zaidi alicho nacho.

Bursa akaniletea cheki ya nusu siku ya mwisho kabisa, Alhamisi, na nikaipeleka benki mchana huo huo. Wa ng'ambo alikuwa ameshaanza kupanga vyuma nje ili tuone. Madam Nekesa akaniambia nirudi Jumanne, cheki ipite kwanza.

Nilirudi Ijumaa. Akaniambia Jumanne. Nilikaa tu kwenye vile viti vya kungojea, nikatazama watu. Wale mafundi wawili waliokaa nyumbani nilikuwa nimeshawaita warudi kazini. Mwenye duka la vyuma alikuwa ameniwekea bomba pembeni kwa neno langu, na alinipigia simu Jumamosi mara mbili, kuniamkia tu. Mimi sikuwa nimeshika kitu isipokuwa karatasi ya mtu mwingine. Yule bursa ni mtu wa Mungu, lakini wikendi hiyo nilimfikiria kila aina ya ubaya. Kanisani Jumapili nilikuwa nahesabu: na kama shule haina pesa? Na kama aliandika tu ili anifurahishe?

Jumanne nilikuwa mlangoni kabla ya askari kufungua. Madam Nekesa aliinua kichwa akaniita kwa kidole.

"Mzee, imepita."

Nilitoka nje nikampigia Mama Perez. Sijui kwa nini nilimpigia yeye kabla ya Achieng'.

"Imepita, Mama."

"Ulingoja siku ngapi?"

"Tano. Pamoja na Jumapili."

"Ulilala?"

"Sikulala."

Nikasikia kina mama wakibishana bei nyuma yake.

"Basi sasa ndiyo umenilipa," akasema, akakata simu.